Mikono Niliyomwandalia Esnah

"Si leo, Mokabosire," Esnah aliniambia, na mimi nilikuwa nimeshapiga magoti.

Beseni lilikuwa mbele yangu, lile la bluu lililoliwa ukingoni, na maji yalikuwa bado yanatoa mvuke kidogo. Taulo nilikuwa nimelitupia begani. Chumba cha watoto wa chekechea, nyuma ya kanisa letu huku juu ya Nyamache, kilikuwa kimejaa wanawake wawili wawili. Viatu vilikuwa vimepangwa ukutani chini ya picha za wanyama, na kila pembe ulisikia maji yakichotwa kwa viganja na kumwagwa juu ya nyayo. Sisi Wasabato hatuli meza ya Bwana kabla ya kutawadhana miguu. Wanaume huenda upande wao, wanawake upande wao. Unamchagua mwenzako, unamwosha, anakuosha, mnaombeana, mnakumbatiana, kisha mnarudi kanisani kula mkate mkiwa hamna neno kati yenu. Ni mara nne kwa mwaka. Kwa miaka ishirini na sita mwenzangu alikuwa Esnah, na sikumbuki hata mara moja tuliyowahi kuulizana.

"Si leo kwa nini? Una kidonda?"

Aliinama kuninong'oneza, lakini Esnah ni mtu aliyezoea kuita ng'ombe waliovuka mto, na mnong'ono wake unasikika mpaka mlangoni. "Ni mikono yako, dada. Inanikwaruza. Mara ya mwisho kisigino kiliniwasha mpaka Jumanne. Usikasirike. Leo nitaosha na Persis."

Wanawake wawili waliokuwa karibu na dirisha waliacha kuosha. Mmoja alijifanya anatafuta sabuni.

Nikaitazama mikono yangu. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vyeusi hadi kiungo cha kwanza, weusi ule wa utomvu wa chai ambao sabuni haiujui, na kwenye nyufa weusi ulikuwa umeingia ndani kama uzi ulioshonewa. Chini ya kucha kulikuwa na hudhurungi ya utomvu wa ndizi. Ubavuni mwa kidole cha shahada, pale bua la chai linapokatikia, palikuwa na sugu ngumu kama ukingo wa kijiko. Nilikuwa na miaka sitini na miwili, na kusema kweli sikuwa nimewahi kuiona mikono yangu. Nilikuwa naitumia tu.

Siku hiyo nilimwosha bibi mmoja mgeni kutoka Marani aliyekuja kumtembelea binti yake. Nilimgusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayeosha mayai. Aliponiombea hakujua jina langu, akasema, "Bwana, mbariki mama huyu." Nikaitikia amina huku nikisikia Persis na Esnah wakicheka kidogo upande wa pili, kicheko cha watu wanaotekenywa nyayo.

Ngoja nieleze Esnah ni nani kwangu, maana bila hilo mtu ataona nasimulia mambo ya visigino.

Tuliolewa mwaka mmoja katika mlima mmoja, mimi kwa Bosire, yeye kwa Nyabuto, ndiyo maana hapa mimi naitwa Mokabosire na yeye Mokanyabuto, kila mmoja kwa jina la mume wake. Kati ya nyumba zetu kuna ua wa mimea na kijia cha kupita mtu mmoja. Yeye ndiye aliyenionyesha namna ya kuchuma chai. Alisimama nyuma yangu, akaweka mikono yake juu ya mikono yangu na kusema, "Usivute. Kunja, ivunjike yenyewe." Majani mawili na kichipukizi. Miaka yote hiyo tulichuma pamoja, leo kwangu kesho kwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyekunywa chai, kwa sababu wote wawili tulilelewa katika nyumba za Wasabato wa zamani waliokuwa wakali. Tulikuwa tunacheka. "Tunawapikia wengine," alikuwa akisema.

Bosire alipofariki, Esnah alihamia kwangu na mkeka wake kwa wiki mbili. Hakusema maneno mengi ya faraja. Alipika, aliosha vyombo, na kila asubuhi alininyooshea kikapu na kusema twende. Na kuna mwaka ng'ombe wake alikula mahindi yangu yaliyokuwa yanatoa ndevu, tukanuniana wiki tano kamili, tukipishana kwenye kijia bila salamu. Wiki ya sita ilikuwa Sabato ya kutawadhana. Nilipoingia chumbani nilimkuta ameshajaza beseni, amekaa kwenye kile kibenchi cha watoto, magoti yamefika kidevuni. "Kaa," akasema. "Ng'ombe ni mjinga. Mimi pia." Basi. Beseni lilimaliza.

Baadaye Nyabuto aling'oa chai yao, akapanda mikaratusi, kwa kuwa aliambiwa nguzo za umeme zinatafutwa. Nguzo hazikutafutwa. Esnah akabaki kuchuma kwangu siku mbili tatu kwa wiki, nami nilimgawia kama dada. Kisha mwanawe Obadiah akarudi kutoka Nairobi, kazi imeisha, na mke na watoto wawili, wakaingia wote katika nyumba ya jikoni. Nilimwona Esnah akikonda. Niliona. Kama angeniomba, ningemkatia Obadiah mistari ya chini, ile inayoelekea mtoni, achume mpaka apate pa kushika. Nilikuwa hata nimeshaanza kuiwaza.

Mwezi wa pili mwaka huo, wiki kadhaa kabla ya hiyo "si leo" yake, alikuja kwangu alasiri na parachichi mbili zilizoiva mno. Tukakaa kwenye ngazi ya mlango wangu. "Lete mikono," akasema. Akaipondaponda ile parachichi kwenye kibakuli, akanipaka taratibu, kidole kwa kidole, mpaka kwenye vifundo. Nilikaribia kusinzia. Huwezi kujua ni jambo gani kupakwa mikono na mtu mwingine mpaka umekaa miaka kumi na moja bila mume.

"Hizi nyufa si za kawaida," alisema. "Ngoja niipige picha nimwonyeshe yule wa duka la dawa, anipe kitu cha maana."

Akaipangusa, akatoa simu. "Geuza. Ile iliyopasuka zaidi iweke juu. Hivyo. Usitabasamu, dada, sipigi uso."

Tukacheka. Dawa haikuja, nami sikuuliza. Nilidhani amesahau.

Kwa hiyo ile Sabato ya mwezi wa tatu, nilipotoka kanisani na miguu safi na moyo umenyauka, niliamini kila neno lake. Mikono inakwaruza. Ni kweli, inakwaruza. Soksi zilikuwa zinanasa kwenye vidole vyangu nikizifua. Nikajiambia kwa jina langu mwenyewe: una Sabato kumi na tatu kabla ya beseni lingine, Kemuma. Mikono inaweza kutengenezwa. Rafiki wa miaka hiyo yote humtoi dukani.

Nikaanza.

Asubuhi niliiloweka katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, muda wa wimbo mmoja wa kitabu, beti zote. Kisha sugu nilizisugua kwa jiwe la mtoni, nikizunguka, bila haraka, maana ukisugua kwa hasira unatoa damu na sugu inarudi nene zaidi. Kisha ndimu. Siku ya kwanza ndimu ilipoingia kwenye nyufa nilikiona cha mtema kuni; nilizunguka nyumba mara mbili nikipunga mikono kama kuku anayetaka kuruka. Kisha sukari na mafuta ya parachichi, nikikanda mpaka sukari iishe kwenye viganja. Jioni nilipaka jeli ile ya kukamulia ng'ombe, nyingi, nikavaa soksi kuukuu za Bosire mikononi na kulala hivyo. Kucha nilizikata fupi, na chini yake nilipitisha njiti ya kiberiti iliyochongwa. Kila Ijumaa niliikagua kwenye mwanga wa mlango.

Persis alinikuta siku moja viganja vikiwa kijani. Persis huuza ndizi sokoni Nyamache, na mdomo wake haujui kufungwa.

"Mokabosire! Unajipaka chakula? Kuku watakufuata mpaka kanisani."

"Nataka mikono laini."

"Ya kufanyia nini? Unaolewa?" Akaketi bila kukaribishwa. "Niambie ni mzee gani, nimwangalie kama ana meno."

Nikamwambia ukweli. Kicheko kikamwisha. Akaitazama mikono yake mwenyewe, ambayo kwa utomvu wa ndizi ilikuwa na madoa kama ngozi ya chui.

"Alikwambia ni mikono?" aliuliza. "Na mimi je? Mbona mimi aliniacha nimwoshe na haya makwato?"

Nilisikia swali hilo. Naapa nililisikia. Lakini kuna maswali unayaacha yapite kwa sababu jibu lake litakunyima kazi uliyoianza. Nikasema labda Persis ana mkono mwepesi. Akanitazama, akachukua parachichi iliyobaki akala.

Tatizo lilikuwa chai. Unaweza kusugua mwezi mzima, ukichuma siku moja weusi umerudi. Nilinunua glavu za mpira za rangi ya waridi, nikaingia nazo shambani. Lakini chai huchumwa kwa kuhisi. Kidole ndicho kinachojua bua limekomaa wapi na laini linaanzia wapi. Jicho linakuja nyuma. Kwa glavu nilichuma kama kipofu. Kwenye kituo cha majani karani alimwaga kikapu changu juu ya turubai, akakichambua kwa mguu, akasema, "Mama, haya ni ya mbuzi." Wenzangu wakacheka. Mimi, ambaye kikapu changu hakijawahi kurudishwa tangu kituo kile kijengwe.

Nikapiga hesabu yangu. Weusi wa chai huisha ngozi ikizaliwa upya, na ngozi ya mzee huchukua wiki tano. Basi wiki tano za mwisho sitagusa chai kabisa. Chai itanisubiri. Mtu hatanisubiri.

Ilikuwa mwezi wa tano, na mvua za huku, asubuhi jua, saa nane wingu, saa tisa linamwaga. Mtu yeyote wa chai anakujua kukimbia kwake mwezi huo. Usipochuma wiki moja, ile meza ya kijani juu ya michai iliyosawazishwa kwa miaka inaanza kutoa nywele. Wiki ya pili majani yanakuwa mapana, meusi, magumu. Wiki ya tatu huoni tena mistari. Nilikuwa nasimama mlangoni na mikono yangu yenye mafuta, nikitazama shamba nililolipanda na Bosire mche kwa mche, kwa kamba iliyofungwa mafundo ili kila mche upate nafasi yake, likigeuka pori. Iliniuma. Nikajiambia nitalipogoa mwezi wa saba, litarudi.

Esnah alikuwa akipita kwenye kijia na mtungi wake. Alisimama kwenye ua, akatazama chai, kisha akanitazama mimi.

"Umeacha?"

"Napumzisha mikono."

Sikumwambia kwa nini. Nilitaka aione siku yenyewe, kama zawadi.

Mtungi ukamtiririkia begani na hakujali. "Pumzika, Mokabosire," alisema mwishowe. "Pumzika tu. Umechoka sana." Sauti yake ilikuwa laini mno, nikaenda ndani nikiwa karibu kulia kwa furaha. Nikaona anarudi kwangu. Nikaona bado kidogo tu.

Haron alikuja Ijumaa, siku moja kabla ya Sabato ya meza ya Bwana. Huyo ndiye mwanangu wa pekee wa kiume, ana ofisi mjini Kisii na nyumba Nyanchwa. Si mbali, lakini huja kama mtu anayetoka ng'ambo. Alishuka kwenye bodaboda na mkate, sukari, mafuta ya kupikia na shati lililopigwa pasi. Shamba letu liko kwa jina lake tangu babake afe. Ni mimi niliyetaka hivyo, asije akatokea baba mdogo wa kumsumbua. Nililisukuma mwenyewe, nikapanda ngazi za ofisi za ardhi mwenyewe.

Nilipompa mkono, hakuuachia. Aliugeuza.

"Mama! Ona mikono yako!" Alifurahi kweli, kama mtoto. "Umeona? Wiki chache tu bila chai."

"Umejuaje ni wiki chache?"

"Mama Obadiah hunipigia. Ananiambia kila kitu. Yule mama ni mtu wa maana sana, mama. Bila yeye ningejua lini kwamba unaumia? Wewe husemi."

Nikamletea maji. Alikunywa, akapangusa mdomo, na nikaona ana neno lililomkaa kooni. Haron tangu utotoni akiwa na neno huvuta sikio.

"Tumelimaliza," alisema. "Tumeandikiana na Obadiah, mbele ya wakili, kila kitu. Miaka mitano. Yeye atachuma, atapogoa, atatia mbolea, na wewe utaletewa chako kila mwezi. Jumatatu anaingia."

"Anaingia wapi?"

"Kwenye chai, mama."

Nje kuku walikuwa wanagombana juu ya maganda. Niliwasikiliza mpaka wakaisha.

"Hamkuniuliza."

"Ungekataa. Ungesema unaweza. Mama, mimi niliona mikono yako. Nililia ofisini, muulize Celestine, karani wangu." Akatoa simu, akatafuta kwa kidole gumba chake safi, akanipa.

Ilikuwa mikono yangu. Imejaa kioo chote, ile iliyopasuka zaidi juu. Nyuma yake ungeona pindo la gauni la Esnah na kibakuli cha parachichi.

"Hii aliituma lini?"

Haron aliangalia. "Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili. Mwezi wa tatu mwanzoni tulikuwa tumeshakubaliana, ila mimi ndiye niliyesema tungoje. Nikamwambia, mama yangu ana nguvu, tusimnyang'anye kazi kama bado anaiweza. Tuone kwanza." Akanyoosha mkono kuonyesha dirisha, na pori lililokuwa nje ya dirisha. "Tukaona."

"Sikushindwa, Haron. Nilikuwa natengeneza mikono."

"Ndiyo, mama," akasema kwa upole, akanipapasa bega. "Hilo ndilo ninalosema."

Alikaa mpaka jua likaanza kushuka, tukafungua Sabato pamoja kwa wimbo na maombi, akaondoka. Mimi nikakaa na miezi yangu, nikiipanga kama mtu anayepanga kuni. Mwezi wa pili, picha. Mwezi wa tatu mwanzoni, wamekubaliana. Mwezi wa tatu mwishoni, si leo, Mokabosire.

Sasa nilielewa. Esnah ni muumini. Mchungaji alikuwa amesema juma lililotangulia, kama asemavyo kila mara, aliye na neno na mwenzake wakapatane kwanza ndipo wakaribie maji. Asingeweza kutia mguu wake katika beseni langu akiwa na jambo hilo kifuani, na asingeweza kulitoa kifuani maana ningelizuia. Kwa hiyo akatafuta kisingizio. Hilo naweza kulielewa, hata Obadiah naweza kumwelewa, na wale watoto wawili kwenye nyumba ya jikoni. Lakini angeweza kusema tumbo linamuuma. Angeweza kusema ana baridi, ana haraka, ameota ndoto. Katika visingizio vyote vya dunia alichukua mikono yangu. Ile ile aliyoifundisha kazi, ile ile aliyoipaka mafuta. Akaitupa mbele ya wanawake wote, nami nikakimbia kuiokota, nikakaa miezi mitatu naisugua, na kila nilivyoisugua ndivyo nilivyomfungulia mwanawe mlango.

Kesho yake nilivaa gauni langu jeupe na kwenda kanisani.

Kwenye chumba cha watoto nilikaa pembeni nikiwa na nia ya kutafuta mgeni. Lakini Esnah alikuja moja kwa moja, beseni mikononi, maji yakimchezea ukingoni. "Njoo, Mokabosire. Leo ni mimi na wewe." Aliliweka chini, akashusha sauti. "Haron alikuja?"

"Alikuja."

"Basi," akasema, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo. "Basi, dada. Mungu ni mwema."

Persis, aliyekuwa anavua viatu, alisimama na kiatu kimoja mkononi akitutazama.

Esnah alipiga magoti, akaniosha. Aliosha vizuri, siwezi kusema uongo. Alipitisha vidole katikati ya vidole vyangu vya miguu, akapangusa, kisha akaishika mikono yangu kwa ajili ya maombi na akashtuka. Aliigeuza juu, chini. Weusi haukuwapo. Nyufa zilikuwa zimeziba, zimebaki alama nyembamba za pinki. Ile sugu ya ukingo wa kijiko ilikuwa imelainika kama sikio.

"Imekuwa kama ya msichana," alisema.

"Nilikwambia napumzisha."

Akafumba macho haraka. "Baba wa mbinguni, tunakushukuru kwa kumpa dada yangu pumziko katika uzee wake. Asante kwa watoto wanaojali. Amina."

Ikawa zamu yangu. Nilipiga magoti. Miguu yake naijua kuliko yangu: kidole kidogo kilichopindishwa na jembe, kovu la moto juu ya kifundo. Niliutia mguu wa kulia majini, nikauosha kwa viganja vyangu vipya, polepole, kisigino, unyayo, kisigino tena. Havikukwaruza. Nikauosha wa kushoto. Kisha nikaishika yote miwili ndani ya maji na kunyamaza.

Wenzetu waliosha, wakakumbatiana, wakaanza kutoka. Sauti za wanaume zilikuwa zimeshaanza wimbo kanisani.

"Mbona umenyamaza?" Esnah aliuliza. "Omba."

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Wewe."

Alinitazama. Niliona neno likimpanda, nikaona linafika shingoni, pale ngozi inapotetemeka. Nilikuwa tayari kulipokea. Laiti angesema hata nusu yake, hata angesema tu yule ni mwanangu, ningeliita neno zima, nikamkumbatia na kwenda kula mkate. Ndivyo nilivyo. Nililifungulia mlango na nikasimama kando lipite.

Akageuka akatazama dirishani.

"Maji yanapoa," alisema.

Nikaitoa miguu yake. Nikaipangusa kwa taulo, kidole kimoja kimoja, kama unavyompangusa mtoto anayetoka kuoga. Kisha nikalibeba beseni nje, nikamwaga maji kwenye nyasi nyuma ya chumba, na sikurudi ndani. Nilikaa kwenye jiwe la kuanikia, nikasikiliza ibada yote kutoka pale. Mkate wa robo ile sikuula. Persis alinitolea viatu vyangu, akaviweka karibu nami na kwenda zake bila hata mzaha mmoja. Hiyo ndiyo mara pekee ninayomkumbuka hivyo.

Jumatatu walikuja asubuhi na mapema, kabla umande haujakauka, Obadiah na mke wake na vibarua wanne na mapanga ya kupogolea. Esnah alikuwa nao. Alikuwa amefunga aproni ya plastiki na kitambaa kichwani, akatangulia mbele, akawaonyesha pa kuanzia. Nilimsikia akimfundisha mkwewe: usivute, kunja.

Nilikuwa mlangoni. Aliinua uso juu ya chai, akaniona, akapunga mkono kwa salamu ya asubuhi, kama alivyopunga kila siku ya maisha yetu.

"Bwakire, Mokabosire!"

Ni miaka minne sasa. Niliitikia siku ile, na mpaka leo naitikia.